Bento: Kisanduku cha Wajapani kinachopimwa kabla ya kupambwa

Ukishuka kituo cha Tawaramachi kwenye treni ya chini ya ardhi jijini Tokyo, ukapanda ngazi na kutembea kama dakika tano, utaona kichwa kikubwa cha mpishi mwenye masharubu kimesimama juu ya paa la jengo. Hapo ndipo unapoanza mtaa wa Kappabashi. Una urefu wa mita 800 hivi na maduka zaidi ya 170, na karibu yote yanauza vitu vya jikoni na mgahawani: visu, sufuria, bakuli, vijiti vya kulia, hata vyakula vya plastiki ambavyo migahawa huvipanga dirishani ili mteja aone anachoagiza.

Mimi nilikuwa nimefuata visanduku vya bento. Kwa asiyelijua neno hilo, bento ni mlo wa mtu mmoja uliofungashwa kwenye kisanduku chenye mfuniko, ukiwa na wali, kitoweo na mboga, tayari kuliwa shuleni, kazini au safarini. Siku hizi picha zake zimejaa kwenye simu za wazazi: wali uliofinyangwa ukawa dubu, soseji iliyochanwa miguu ikawa pweza, karoti iliyokatwa ikawa ua. Mzazi wa Tabata au Mbagala anayeiona picha hiyo saa kumi na moja alfajiri, huku mtoto bado anatafuta soksi ya pili, hucheka kidogo kisha akaendelea kupaka mkate siagi. Nilitaka kuona kama Wajapani wenyewe ndivyo wanavyofungasha kila siku. Nilichokuta ni kazi ya kupanga zaidi kuliko ya kupamba, na sehemu yake kubwa mzazi wa kwetu anaweza kuifanya bila kununua kitu cha Japani hata kimoja.

Dukani, mama muuzaji hakuniuliza napenda rangi gani. Aliniuliza, kwa msaada wa programu ya kutafsiri kwenye simu yake, kisanduku ni cha nani na ana umri gani. Nilipomwambia ni cha mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliviweka pembeni vile vyenye picha za katuni nilivyokuwa nimevishika, akageuza kingine chini juu na kunionyesha namba: 600 ml. Vya watoto wa chekechea vilikuwa vya mililita 280 mpaka 360. Vya wavulana wa sekondari ya juu vilifika 900, vikubwa kama tofali dogo. Kila kisanduku kina namba yake, na wanunuzi wanaiangalia kama sisi tunavyoangalia saizi ya kiatu.

Namba hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Wataalamu wa lishe wa Japani, akiwamo Profesa Adachi Miyuki, walibuni njia wanayoiita 3-1-2, ambayo hutumia kisanduku chenyewe kama mizani. Unachagua kisanduku kinachomfaa mlaji. Unakijaza vizuri, chakula kibanane kisitikisike. Kisha unaigawa nafasi ya ndani katika mafungu sita: matatu ni ya chakula kikuu kama wali, mkate au tambi, moja ni la kitoweo cha protini, yaani samaki, nyama, yai au maharage ya soya, mawili ni ya mboga. Kikijazwa hivyo, kisanduku cha mililita 600 hubeba karibu kilokalori 600. Mama haitaji kupima chochote asubuhi, kwa sababu alishapima siku aliponunua kisanduku.

Kuna sharti jingine ndani ya njia hiyo ambalo mimi, kama mwandishi wa afya, nililipenda kuliko yote: usirudie namna moja ya upishi, na chakula chenye mafuta mengi kiwe kimoja tu. Ukiweka kuku wa kukaanga, mboga iwe ya kuchemsha. Ukikaanga mboga, samaki awe wa kuchoma. Fikiria kontena la mtoto wa mjini lenye chipsi, soseji ya kukaanga na maandazi mawili. Vitu ni vitatu, upishi ni mmoja, na mboga haipo.

Kwa mzazi aliye nyumbani na kontena lisiloandikwa kitu, kipimo ni rahisi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza kontena mpaka usawa wa mfuniko, uone limebakiza au limezidi. Wazazi wengi watashangaa kukuta mtoto wa chekechea anabebeshwa chakula cha mtu mzima, halafu jioni anagombezwa kwa kukirudisha.

Asubuhi ya Saitama

Kaskazini mwa Tokyo kuna mkoa wa Saitama, ambako wafanyakazi wengi wa jiji hulala. Huko nilikaribishwa na familia yenye watoto watatu: wa kwanza yuko sekondari ya juu, wa pili ana miaka tisa, wa mwisho ana miaka mitano na anasoma chekechea. Mama wa nyumba aliamka saa kumi na moja na nusu. Wali ulikuwa umeshaiva, kwa sababu jiko la umeme la wali lilitegwa saa tangu usiku. Alipanga visanduku viwili tu mezani.

Cha yule wa miaka tisa kiko wapi? Hana, na hapo ndipo picha za kwenye simu zinapotudanganya. Karibu shule zote za msingi za Japani hutoa chakula cha mchana. Kwa kawaida historia yake huanzia mwaka 1889, katika shule moja ya mji wa Tsuruoka mkoani Yamagata iliyolisha watoto wa familia maskini, na mwaka 1954 ikapitishwa sheria ya chakula cha shule. Watoto wenyewe huvaa aproni nyeupe, hubeba masufuria mpaka darasani na kupakuliana. Mwaka 2005 ikaja sheria nyingine ya elimu ya chakula, na leo mtaalamu wa lishe anayepanga milo ya shule anaweza pia kuingia darasani kufundisha. Kwa hiyo bento ya kila siku ni ya mkubwa wa sekondari; yule mdogo wa chekechea hubeba siku mbili kwa wiki, siku nyingine hula cha chekechea. Wa shule ya msingi hufungashiwa siku ya ziara au siku ya michezo, na siku hiyo kwake ni sikukuu.

Nalisema hili kwa sababu huwa tunawasifu akina mama wa Japani kana kwamba wanaulisha mchana wa taifa zima kwa mikono yao. Mzigo mkubwa zaidi umebebwa na jiko la shule. Kwetu, pale ambapo shule haina jiko, mtoto huyohuyo wa darasa la tatu ndiye anayetegemea kontena, au shilingi mia tano za bagia na barafu ya mfuko kwa muuzaji wa getini.

Turudi jikoni. Mama yule hakupika chakula kipya asubuhi zaidi ya kimoja: mayai, aliyoyakaanga kwenye kikaango cha pembe nne na kuyakunja tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa kama tofali la njano, kisha akayakata vipande. Vingine vilikuwepo. Samaki alibaki jana, lakini hakuwa makombo ya sahani. Alimtenga kabla familia haijaanza kula. Jumapili alikuwa amekaanga karoti zilizokatwa nyembamba na kuchemsha mboga za majani, akazigandisha kwenye vikombe vidogo vya karatasi, kikombe kimoja kwa mlo mmoja. Boga lilipikwa kwa mchuzi wa soya. Kulikuwa na bamia pia, ambazo kwa Kijapani huitwa okura, zimechemshwa kidogo na kukatwa pete. Juu ya wali wa mkubwa alinyunyizia samaki wadogo waliokaushwa. Nikawaangalia kwa karibu, nikasema moyoni hawa ni dagaa, wamesafiri tu. Kazi nzima ilimchukua dakika ishirini na kidogo.

Majani yale meusi yanayozungushiwa wali ni mwani, na msomaji wa Zanzibar asikimbilie ufukweni. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine na sehemu kubwa huuzwa nje kwa ajili ya viwanda. Hautakupa karatasi zile nyembamba za kuzungushia wali.

Mfuniko husubiri

Kilichonishika zaidi asubuhi ile ni muda ambao visanduku vilikaa wazi. Mama alitandaza wali, akaupepea kwa upepeo wa karatasi, akaviacha vitoweo vipoe kila kimoja mahali pake. Alikwenda kumwamsha mdogo, akamvalisha, akarudi, akagusa wali kwa nyuma ya kijiko, akaondoka tena. Alifunga mfuniko dakika ya mwisho.

Sababu yake kila mzazi anapaswa kuijua. Chakula cha moto kikifungwa hutoa mvuke, mvuke hugeuka maji chini ya mfuniko, na ndani panabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Bakteria wanaoharibu chakula huzaana haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60, na hali ya unyevunyevu huwapa nguvu. Kwenye wali yuko mmoja aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Ukiacha wali vuguvugu, mbegu huamka na kuweza kutengeneza sumu ambayo hata ukiupasha wali tena haiondoki. Yuko mwingine, Staphylococcus aureus, anayeishi kwenye ngozi na puani mwetu na huingia kupitia mikono. Ndiyo maana mama yule alifinyanga matonge ya wali ndani ya karatasi laini ya nailoni bila kuyagusa. Wapishi wa Japani wanafundishwa pia kuhakikisha nyama na samaki vimeiva mpaka katikati, nyuzijoto 75 kwa dakika moja au zaidi. Kwa asiye na kipimajoto cha jikoni, maana yake ni kwamba kuku anayetoa maji mekundu kwenye mfupa harudi kontenani, anarudi jikoni.

Wajapani huogopa zaidi miezi ya Juni na Julai, msimu wa mvua na joto la fukuto. Siku hizo huweka kifuko cha barafu juu ya kisanduku. Sasa fikiria Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, ambako fukuto ni la karibu mwaka mzima, na begi la mtoto linaning'inia kwenye kiti cha daladala lenye jua.

Hapa lazima niseme neno kuhusu hotipoti zetu, maana kuna anayesoma na kuuliza mbona mimi naweka cha moto na mtoto hajawahi kuumwa. Hotipoti nzuri ni njia salama pia, mradi chakula kiingie kikitokota, chombo kiwe kimetangulia kupashwa kwa maji ya moto, na mtoto akile kingali moto. Njia ni mbili: moto kabisa, au kilichopoa kabisa. Hatari iko katikati, kwenye kontena la plastiki lililojazwa wali unaofuka moshi, likafungwa saa kumi na mbili na kufunguliwa saa saba mchana. Na wali wa nazi, kama mama wa pwani yeyote ajuavyo, huchacha kabla ya mwingine.

Kuna jambo ambalo halihami. Wali wa Kijapani ni wa punje fupi, hushikana, na ukipoa hubaki laini. Mchele wetu wa Kyela au Morogoro ni mtamu ukiwa moto, lakini ukipoa punje huwa ngumu, na mtoto hawezi kulaumiwa kwa kuurudisha. Sioni sababu ya kuhangaika kutafuta mchele wa kigeni. Vyakula vyetu vinavyolika vikiwa vimepoa ni vingi: viazi vitamu, chapati, mahindi ya kuchemsha, magimbi, muhogo. Hivyo vinaweza kuchukua mafungu yale matatu bila shida. Yai la kuchemsha lililoiva sawasawa, dagaa wa kukaanga au samaki mkavu asiye na mchuzi wachukue fungu moja. Karoti, bamia, boga, maharage machanga ya kijani na mchicha uliokaushwa maji vizuri vichukue mawili. Mchuzi ubaki nyumbani.

Wala si kila kilichomo kwenye bento ni cha kuigwa. Wajapani wana tatizo la chumvi. Uchunguzi wa taifa wa afya na lishe wa mwaka 2019 uliwakuta watu wazima wakila wastani wa gramu 10.1 za chumvi kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5. Lile tunda jekundu la kuchachushwa unaloliona katikati ya wali, umeboshi, likitengenezwa kwa njia ya zamani huweza kuwa na chumvi karibu moja ya tano ya uzito wake. Chumvi na ukali wake husaidia kuzuia bakteria, ila pale linapogusa tu. Haulindi wali wa pembeni. Na zile soseji za pweza ni nyama ya kiwandani kama soseji nyingine. Kuichana miguu hakupunguzi kitu.

Nyanya, zabibu na yai la kware

Nyanya ndogo za mviringo ndizo zinazoipa bento rangi nyekundu kwenye picha. Mama wa Saitama alizitoa vikonyo, kwa kuwa uchafu hujificha hapo, akazikata za mdogo vipande vinne. Sikuelewa haraka ile ya pili. Mamlaka za Japani zinawashauri wazazi wa watoto wadogo wakate nyanya ndogo na zabibu mara nne, kwa sababu kitu laini cha mviringo huteleza na kuziba koo kama kizibo. Zinashauri pia kwamba mtoto wa miaka mitano kushuka chini asipewe karanga, korosho wala maharage makavu magumu. Februari 2024, katika mji wa Miyama mkoani Fukuoka, mtoto wa darasa la kwanza alikwama yai la kware wakati wa chakula cha shule, akafariki. Shule na vituo vya watoto vingi vilianza kuangalia upya milo yao.

Mayai ya kware sasa yanauzwa mijini kwetu, na zabibu na karanga ni vitu vya kawaida kwenye begi la mtoto. Kata. Inachukua nusu dakika.

Kuhusu dubu wa wali: wapo. Sanaa hiyo ina jina lake, kyaraben, na ina vitabu na mashindano. Wapo pia akina mama wanaoichukia, na baadhi ya chekechea zimewaomba wazazi waache ili watoto wasilinganishane. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Anne Allison, aliandika mwaka 1991 jinsi kisanduku cha chekechea Japani kilivyokuwa mtihani wa mama: mwalimu hukiangalia, akina mama wengine hukiangalia, na mtoto kutokimaliza huonekana ni kushindwa kwa aliyekipika. Baba hamo kwenye habari hiyo. Nyumbani kwa wenyeji wangu nilimkuta baba akiosha visanduku usiku, na mkewe akanieleza kwamba kazi hiyo amekabidhiwa rasmi. Mpira wa mfuniko lazima atoe na kuusugua peke yake, la sivyo ukungu hujenga chini yake. Wazazi wenzangu wenye makontena ya aina hiyo, leo jioni chomoeni ule mpira muone.

Kwa treni mpaka Takinomiya

Kutoka Tokyo nilipanda treni ya kasi kuelekea magharibi. Kituoni Tokyo kuna duka linalouza bento za safari peke yake, zaidi ya aina mia moja kutoka kila pembe ya nchi. Nyingine unavuta kamba pembeni, chokaa inakutana na maji chini ya kisanduku, na ulimi wa ng'ombe unapata moto wenyewe. Husimuliwa kwamba bento ya kwanza ya reli iliuzwa kituo cha Utsunomiya mwaka 1885, ikiwa matonge mawili ya wali na kachumbari ya figili, yamefungwa kwenye ganda la mwanzi. Nilinunua ya kawaida. Nusu wali, samaki kipande, yai, mboga nne za aina tofauti. Nilihesabu mafungu sita kabla ya kula, na abiria wa pembeni nadhani aliniona si mzima.

Okayama nilibadili treni, nikavuka daraja refu la Seto kuingia kisiwa cha Shikoku, mkoa wa Kagawa. Kutoka mji wa Takamatsu, treni ndogo ya polepole hupita katikati ya mashamba ya mpunga na mabwawa mpaka Takinomiya. Ni mahali tulivu panapojivunia tambi zao nene za ngano, udon. Sikufuata tambi. Nilifuata mahali ambapo, mwaka 2001, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Takinomiya, Takeshita Kazuo, alianzisha kitu alichokiita Siku ya Bento.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Ni ya darasa la tano na la sita tu. Ni mara moja kwa mwezi, kuanzia Oktoba mpaka Februari, yaani mara tano kwa mwaka. Na wazazi wasisaidie. Mtoto apange mlo mwenyewe, anunue, apike, afungashe na kuosha vyombo. Darasa la tano ndipo somo la maarifa ya nyumbani linapoanza katika shule za Japani, hivyo miezi ya kwanza ya mwaka wa masomo ilitumika kuwafundisha kisu, moto na mgawanyo wa lishe. Wazazi waliingiwa na hofu, kama ambavyo mimi na wewe tungeingiwa: mtoto atajikata, ataungua, ataamka saa ngapi? Mwalimu mkuu aliwaambia lawama zitamwangukia yeye. Siku hiyo ikafanyika, na baada ya hapo shule za mikoa mingine zikaiga, kila moja kwa namna yake.

Nilisimama karibu na shule kama msafiri tu, sikuingia. Lakini ukishapita Kappabashi na jikoni la Saitama, mantiki yake inaonekana wazi. Kisanduku kimeshapimwa. Mgawanyo ni wa kuangalia kwa macho. Kanuni ya kupoza haina fumbo. Kazi iliyobaki ya asubuhi haizidi uwezo wa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na siku akiifanya, mama au baba anapata dakika ishirini zake, huku mtoto akijifunza kwa nini karoti ilikuwemo.

Nilirudi Dar es Salaam na visanduku viwili vya 600 ml vya plastiki ya kawaida. Vya mbao za mierezi kutoka Odate, ambavyo hunyonya unyevu wa wali na kupendeza kuliko vyote, bei yake inaweza kuzidi yeni 10,000, nikaviacha Kappabashi. Vyangu nilivipata kwenye duka la yeni 100, kama Sh2,000 hivi, na sijaona tofauti yake na makontena ya Kariakoo zaidi ya ile namba chini.

Kimoja nilimpa mtoto wa dada yangu, aliye darasa la tano. Jumamosi iliyopita alinipigia simu, "Shikamoo mama mdogo, yai linachemka dakika ngapi?" Nikamwambia kumi, kuanzia maji yanapochemka. Alifungasha kiazi kitamu, yai lililokatwa nusu, dagaa wa jana, na fungu la mboga akaliwekea vipande vitatu vya karoti. Dada alitaka kuongeza mchicha, nikasikia kwenye simu mtoto akimwambia asisaidie, ndiyo sharti. Kisha akauliza kama yai limeshapoa vya kutosha afunge.